Niliambiwa Mimi ni wa Ndani, Sikuomba Kazi

Bi Somoe, shikamoo. Nisaidie kabla sijafanya jambo la kujutia. Naitwa Jovina, nakaa Kimara, nina shahada ya uzamili ya afya ya jamii, na kwa miaka sita nimekuwa mtafiti msaidizi wa mkataba katika chuo kikuu kimoja hapa mjini, mradi wetu unafuatilia shinikizo la damu kwa kina mama wanaouza samaki Kunduchi, mimi ndiye ninayewapima, ndiye ninayejua nani amehama na nani anamficha mumewe kuwa anatumia dawa, na bosi wangu, profesa mwanamke, huniita mwanangu nami namwita Mama, basi mwezi wa tatu chuo kikataka mtafiti wa ajira ya kudumu kwenye mradi huu huu, Mama akaniambia, "Mwanangu, wewe si ndo unaijua kazi? Niandikie sifa za mwombaji," nikaandika tangazo lote kwa mkono wangu nikijipima mwenyewe kama mshonaji anayejishonea nguo. Nilipouliza kama nipeleke maombi akacheka, "Wewe wa ndani bwana, maombi ya nini? Tulia." Nikaona nikituma nitaonekana simwamini, nikatulia, siku ya mwisho ikapita, na Jumatatu akaingia na dada anaitwa Lusungu, akasema huyu ndiye mtafiti mpya, mwanangu umwelekeze. Nikamfuata ofisini kwake, akaniambia, "Sasa jina lako halikuwepo kwenye orodha, mie ningefanyaje?"

Bi Somoe, nina uchungu. Daftari lenye majina na nyumba za wale kina mama liko chini ya godoro langu, na nimeshamwambia Bi Munira, kiongozi wao, kwamba akija mgeni wasikubali kupimwa. Nikilichoma nitakuwa nimekosea?

Jibu la Bi Somoe

Marahaba, Jovina. Pole, na uipokee yote sasa hivi kwa sababu nikiendelea nitakukaripia. Mtu aliyekuandikisha tangazo la kazi kisha akakutuliza mpaka muda ukaisha, amekutenda vibaya, awe alikusudia au alijisahau. Lakini na wewe, msomi mzima, ulishindwaje kutuma karatasi? "Wa ndani" si cheo. Hata dada wa kazi huambiwa ni mtoto wa nyumbani, mpaka siku anapoumwa. Uliona haya, na haya hiyo imekula kazi yako.

Daftari litoe chini ya godoro leo. Hizo ni siri za wagonjwa. Bi Munira asipopimwa akaanguka sokoni, profesa wako hataanguka naye. Mpigie simu, mwambie ulisema kwa hasira. Kisha mkabidhi Lusungu daftari mbele ya ofisa wa mradi, naye asaini kulipokea. Wala usimnunie mtoto wa watu. Yeye aliomba, wewe hukuomba.

Kesho nenda kwa bosi wako, na umwite Profesa. Mwambie unataka barua inayoeleza kazi uliyofanya miaka sita, na jina lako liwekwe kwenye kila andiko lenye vipimo ulivyochukua wewe. Akisema atakuandikia, mwambie unasubiri hapo hapo, na usubiri kweli. Vyuo vingine navyo vinatafuta watafiti. Tangazo likitoka, tuma, hata uahidiwe na nani.

Akikunyima barua, usilie mbele yake. Tuma maombi bila barua yake, halafu ndiyo ulie.