Filta Uliyokuwa Unaifua Wewe

Kamwene, Mama Tumaini.

Nakusalimia kwa kikwenu, maana huko ulikolala ni kwenu. Mimi mumeo naandika. Naandika kwa mkono wangu, usidhani nimemtafuta mtu. Niliishia darasa la tatu, lakini wa darasa la saba wengi hawanifikii. Nimekaa juu ya tairi kwenye gereji moja hapa Chimala na pikapu yetu imekufa.

Imekufa, mama. Na mimi karibu.

Kesho asubuhi ni arobaini yako. Ndugu zako wananisubiri Iringa na msalaba. Msalaba huu hapa nyuma ya gari, wa chuma, umechomelewa hapo mtaani kwetu Soweto, jina lako lote limekaa, hakuna herufi iliyokosewa. Nilimsimamia yule mchomeleaji mpaka akanichoka. Kaka yako mkubwa alisema niutume kwa basi. Nikamjibu, shemeji, mimi ni mtu wa kumpakia mke wangu kwenye buti? Nina gari. Gari hili limepanda milima yote ya huku na filta moja ya hewa, naisafisha mwenyewe kwa mikono hii.

Unausikia uongo huo. Hata baada ya kukuzika nimeusema tena.

Wewe ndiye uliyekuwa unaifua, miaka yote. Tangu siku ile tulipoinunua Mlandege, hapo Iringa, kwa yule Mhindi wa spea, filta ya kufua, isiyotupwa. Maelezo alikupa wewe pale kaunta, maana mimi nilikuwa nje najisifu kwa shemeji zangu.

Nilikuwa nakuona kwa mbali tu, leo ndiyo nakumbuka. Beseni la bluu. Maji ya uvuguvugu, sabuni kidogo. Ulimimina maji kutokea ndani kwenda nje, unasema uchafu utoke kwa mlango ulioingilia. Hukuisugua. Hukuikamua. Uliilaza juu ya ungo kivulini, kutwa kucha, mimi napiga kelele nina safari, na wewe unasema, "Haraka zako zikuue mwenyewe, usiniulie gari." Halafu ile chupa ndogo ya mafuta mekundu, tone moja moja kwenye kila mkunjo, mpaka filta yote inakuwa rangi moja. Yaliyozidi unayafuta kwa kitambaa. Mimi kazi yangu kuirudisha, kufunga vibano, na kutoka nje na mikono michafu ili majirani waone. Ulikuwa unacheka dirishani. Hukunisema kwa mtu hata siku moja.

Juzi nikaamua gari lifike kwenu linapumua vizuri. Nikaifua. Nikaisugua kwa brashi ya viatu. Nikaikausha juu ya jiko la mkaa. Chupa nyekundu nikaitafuta nyumba nzima, hata chini ya godoro. Ndipo nikakumbuka. Siku ya kuanua matanga nilimpa mdogo wako kile kikasha chako cha mafuta ya nywele, bila kukifungua, maana sikuweza kukitazama. Chupa ilikuwa humo. Mtu mwenye akili angepiga simu. Lakini mimi nimpigie shemeji kuulizia mafuta ya filta yangu mwenyewe? Nikachukua mafuta ya alizeti pale jikoni, yale uliyoyaacha nusu. Wala sio tone. Nikamimina.

Mpaka Igurusi gari lilikuwa linanukia maandazi. Baada ya hapo likaanza kukohoa, moshi mweusi nyuma, nakanyaga haliendi. Hapa Chimala likazima kabisa, kwenye vumbi la pumba za mpunga, wakanisukuma mpaka gereji. Fundi ni mzee wa Kisangu, ana kofia ya sufu. Akaitoa filta, akainusa, akaniangalia. "Mzee mwenzangu, hii ni filta au sambusa?" Gereji yote wakacheka. Zamani tungepigana.

Ameifua upya. Anasema haijatoboka, bahati yangu, ila lazima ikauke mpaka kesho, na ipate mafuta yake. Nikamwambia iache, funga boneti, naondoka bila filta. Akasema injini itakula vumbi hili lote, utafika na injini ya kutupa. Nikasema itupwe! Nilipiga kelele, mama. Nikasema gari life, na mimi nife, msalaba ufike. Nikalia mbele za watu. Mimi huyu.

Yule mzee akajipangusa mikono. Halafu akauliza taratibu, "Nani alikuwa anakufulia hii?"

Nikasema, mke wangu.

Sijawahi kumwambia mtu kwamba ni wewe. 

Nyumbani hapakaliki. Kila siku nakuta kitu kingine nilichokuwa nasema nafanya mimi. Saa ya ukutani imesimama. Vidonge vyangu vya presha sijui kipi cha asubuhi. Bado sijui ni vitu vingapi vya namna hiyo vimebaki, na naogopa kuvikuta.

Kaka yako alipiga mara tatu, sikupokea. Sasa hivi nimepokea. Nimemwambia gari limenishinda, nakuja na basi la saa kumi jioni. Hakucheka. Akasema, "Njoo tu, shemeji, tutakupokea stendi." Kwa hiyo msalaba unapanda buti, unisamehe. Pikapu inabaki kwa fundi. Filta nimeifunga kwenye kitenge chako, bado ina unyevu, nimeipakata. Itakaukia kwenu.

Kesho, mbele ya ndugu zako wote, nitamwomba mdogo wako ile chupa, kama mafuta yake hajayapaka kwenye nywele. Nitasema ni nani aliyekuwa anafua. Nitasema kwa sauti, na sauti yangu unaijua. Barua hii nitaitia kwenye shimo la msalaba kabla hawajamwaga zege, uwe nayo wewe, wengine watakuwa wameshasikia.

Basi linapiga honi. Pumzika, Mama Tumaini. Kuanzia sasa nitaifua mwenyewe kweli, kutokea ndani kwenda nje, nitailaza kwenye ungo wako kivulini, na nitakaa pembeni yake mpaka ikauke. Haraka sina tena. Sina ninakowahi.