Komeo Nililolificha

Ilala, Dar es Salaam

Mke wangu Nakijwa,

Pokea salamu kutoka kwenye joto hili lisilo na huruma. Hujambo huko kwenye ukungu? Mguu wa mama umepoa? Na mtoto, ameota jino? Mimi mwili ni mzima, moyo ndio haujatulia.

Barua yako niliipata Jumatatu. Umeandika kwamba ubatizo umeahirishwa mara mbili kwa ajili yangu, na mchungaji ameanza kuuliza kama mtoto ana baba. Nilicheka, halafu nikakaa chini. Tena kitambaa nilichobatiziwa mimi kimo ndani ya sanduku la marehemu baba, na sanduku limewashinda wote kulifungua.

Ngoja nikueleze kinachonizuia. Siku hizi kila kitu ruksa, na bosi wangu, Mzee Sefu, ameleta mitambo ya gemu kutoka Dubai. Nikamtengenezea kabati la mbao: televisheni juu, na chini yake ubao wenye vitufe na fimbo ya kuongozea. Ubao huo lazima utoke, maana vijana wanavipiga vitufe kama wanatwanga kisamvu, na kila wiki kuna waya umekatika. Kwanza niliufunga kwa skrubu nne. Wiki haikuisha, mtu akaja na bisibisi yake, akaondoka na ubao mzima.

Ubao wa pili nikauwekea komeo la baba, lile linalofichwa ndani ya mbao kama la sanduku lake. Hakuna aliyeuweza. Nami kwa ujanja wangu wa kipumbavu sikumwonyesha bosi linavyofunguka. Nilijisemea, asiyejua kulifungua hawezi kunifukuza kazi. Kumbe nimejifungia mwenyewe. Nilipoomba ruhusa ya kuja kwenye ubatizo akasema, "Ukienda huko milimani kwenu, hii ataifungua nani? Kaa hapa, fundi." Mfuko wangu wa randa na patasi alizoniachia baba akautia stoo, ufunguo akabaki nao.

Juzi nikashindwa, nikamwonyesha. Akalifungua mara tatu huku akicheka. "Kumbe rahisi hivi! Basi nitengenezee makabati mengine manne, ndipo tuzungumze habari za safari." Nakijwa, nimechoka. Lakini nikirudi nyumbani Myamba bila zana za baba, tutakula nini?

Msinisubiri tena. Kaka Mbonea ambebe mtoto mbele ya madhabahu. Sanduku linafunguka hivi: chini, upande wa kushoto, kuna tundu dogo lililozibwa kwa nta. Ingiza msumari, sukuma juu mpaka usikie kijiti cha ndani kikigonga. Kifuniko kirudishe nyuma kidogo, ndipo unyanyue.

Baba alinionyesha siku alipolala kitandani asiamke tena. Alisema, "Anayeonyeshwa komeo ndiye mwenye sanduku." Hata mama hakuonyeshwa. Na mimi nimemwonyesha mtu baki kabla yako, kwa sababu ya kuogopa kufukuzwa. Hilo linaniuma kuliko joto na kuliko stoo ya Mzee Sefu. Ilipasa nikuonyeshe siku ile nilipokuleta nyumbani.

Mpe mama shikamoo yangu. Kaka Mbonea mwambie amshike mtoto vizuri, asimwogope. Shangazi wa Kihurio, akiwapandishia mchele wa sherehe huko milimani, mshukuru kwa niaba yangu.

Sanduku sasa ni lako. Ukishatoa kitambaa, usilifunge.

Ni mimi mumeo,
Elieneza