Meza Isiyopita Mlangoni

Mama yangu, Mama Skola,

Shikamoo. Na tumsifu Yesu Kristo. Najua huko uliko huwezi kuniitikia kwa ile "milele amina" yako ya kuvuta, lakini ulitulea tuanze na salamu, na sidhani mtu akishazikwa ndiyo ananyimwa salamu yake.

Nakuandikia nikiwa nimekaa kwenye meza yako, sebuleni, hapa hapa Songea. Harufu ya rangi imejaa nyumba nzima. Tunapaka upya. Mjukuu wako Benedikta, yule uliyemwachia jina, amekuja likizo na mipango yake: kuta ziwe za kijivu, yawekwe makochi ya kuzunguka kona, na pazia zifike chini. Leo asubuhi fundi rangi alisimama hapa kashika kiuno, akaitazama meza, akasema, "Mama, tuikate katikati tuitoe, sebule ipumue." Nikamwambia sebule hii imepumua miaka yote meza ikiwa humu, na kama hawezi kupaka akiizunguka, afunge brashi zake aende. Unanijua. Hasira nimeirithi kwako na sina mpango wa kuirudisha.

Benedikta akasema, "Mama, si meza tu?"

Nikamkalisha chini nikamsimulia. Nilipomaliza nikakumbuka kwamba mwisho wa habari hii hata wewe huujui, maana siku mwisho huo ulipotokea hukuwa na masikio ya kusikia. Ndiyo maana naandika. Lakini ngoja nianze mwanzo. Raha yake iko kwenye kuirudia.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, maduka ya mjini yalipoanza kujaa tena. Kabla ya hapo tulikuwa na rangi mbili tu: chokaa, na ile ya bluu ya ofisini ambayo kila mtu alijua ilitokea mlango gani. Sisi tulikuwa watu wa chokaa. Kila Krismasi baba alikoroga ndoo yake, akatia bluu ya kufulia kidogo ili ukuta usitoe macho, akapaka huku akiimba nyimbo za kwaya kwa sauti mbaya. Wewe ulikuwa umeanza kuuza mitumba sokoni, na biashara ilikuwa imekubali. Halafu baba akafa.

Wakati wa msiba viti vyetu vya mninga vilitolewa nje ili waombolezaji wakae, kama inavyofanyika msiba wowote. Kabati likasogezwa barazani. Redio ikatolewa. Msiba ulipotawanyika, vitu havikurudi ndani. Vilipanda kwenye pikapu iliyomleta baba mkubwa kutoka Maposeni. "Vitu vya mdogo wangu," alisema. Wala hakusema kwa ubaya, alisema kama mtu anayeokota kofia yake. Akaongeza kwamba siku ya arobaini ukoo utakaa kuzungumza habari ya nyumba. Nyumba ni ya ukoo, na wewe utapewa chumba kule Maposeni, ulime mahindi, watoto wagawanywe kwa ndugu.

Nakumbuka ulivyorudi ndani. Ulisimama katikati ya sebule tupu, kwenye sakafu kukiwa na alama za miguu ya viti, mimi na wadogo zangu tumejibanza mlangoni tukingoja ulie. Ulikuwa umelia msiba mzima. Siku ile hukulia. Ulizunguka ukitazama kuta, ukapitisha kidole, kidole kikatoka cheupe. Ukasema, "Nyumba inaonekana kama watu wameshahama."

Kesho yake ulinichukua dukani.

Mama, mimi naipenda siku ile kuliko hata siku yangu ya harusi, na mume wangu anajua. Mwenye duka alikupa kadi ya rangi, ile yenye vipande vingi vidogo, na chini ya kila kipande jina la Kizungu. Hukumuuliza linasomwaje. Ulivipa majina wewe mwenyewe. "Hii maziwa yaliyoungua. Hii kanzu ya katekista. Hii moshi wa kuni mbichi, siitaki, nimeuvuta vya kutosha." Ulikuwa umevaa nyeusi kuanzia kichwani mpaka chini, na watu dukani walikuwa wanakutazama: mjane hajamaliza arobaini, anachagua rangi! Mmoja aliguna kabisa. Wewe ukageuka, ukamwamkia vizuri, ukarudi kwenye kadi yako.

Ukachagua kiini cha yai. Si yai la kisasa, la kuku wa kienyeji anayekula majani, ile njano inayokaribia kuwa nyekundu. Mwenye duka alitaka kukuonea huruma. "Mama, hiyo ni kali sana. Kwa msiba si ungechukua hii iliyopoa?"

"Baba," ukamwambia, "nataka ionekane mtu akiwa bado barabarani."

Tukapaka wenyewe, wewe na mimi, rangi ya mafuta safi kabisa. Ikang'aa. Wadogo zangu wakawa wanaingia na kutoka wakicheka bila sababu. Uliketi chini ukutani pale mbali ukaitazama, na ndipo nilipokuona unatabasamu mara ya kwanza tangu baba aondoke.

Haikukaa hata wiki mbili. Ilianza kona ya dirisha, ikavimba kama ngozi iliyoungua maji ya moto. Ukaigusa, ikabanduka na kuning'inia. Baada ya hapo ilikuwa inaanguka yenyewe, vipande vikubwa vya njano sakafuni, na siku ya arobaini inakuja.

Fundi Xaveri, seremala aliyejifunza kazi Peramiho, alikuja kuangalia. Alichukua kipande kimoja, akakigeuza, akaona upande wa nyuma mweupe. "Mama Skola, umepaka juu ya unga. Chokaa ya Krismasi zote hizo haishiki rangi ya mafuta. Ilibidi ikwanguliwe yote mpaka kwenye plasta."

"Mimi nilidhani rangi ya dukani ina nguvu kuliko ukuta," ulisema.

"Ina nguvu. Imeshika chokaa vizuri sana. Chokaa ndiyo haikushika nyumba."

Mtu mwingine angekata tamaa pale. Mimi nilikata, nakwambia ukweli. Nilishaanza kuwaza nani atanichukua kati ya ndugu, na kama huko atanisomesha. Wewe ulitoka nje, ukaomba kimea kwa jirani, ukapika togwa.

Sikuelewa mpaka alfajiri ya tatu, wanawake walipoanza kuingia uani. Ulikuwa umewaalika kazi, kama vile mtu anavyoalika palizi shambani: njoo na jembe lako, utakunywa togwa, na kesho na mimi nitakuja kwako. Ila palizi yako ilikuwa ukutani. Wanawake wa jumuiya walikuja, wauza mitumba wenzako walikuja, na Mama Zuhura, jirani yetu aliyetoka Namtumbo, alikuja na jembe la palizi kabisa begani. "Nimekuja kulima sebule," akasema, "sijui mnapanda nini." Wakacheka mpaka wakashikana.

Kazi ikaanza. Panga, visu, vijiko vya chuma, majembe yameshikwa mpini karibu na chuma. Vumbi la chokaa lilifunga pumzi. Krismasi zikawa zinadondoka moja baada ya nyingine, nyeupe, kijivu, nyeupe. Na mimi nikafika kwenye ile iliyozidi bluu, bluu ya baba, mkono ukakataa. Nilisimama pale na kisu changu machozi yakinitiririka. Ukaja nyuma yangu. Nilidhani utaniambia niache kipande kidogo cha kumbukumbu.

Ukaniwekea mkono begani, ukasema, "Baba yako alinioa mimi, hakuuoa ukuta. Kwangua."

Nikakwangua. Na nilipogeuka nikakuona, ile nguo yako nyeusi ya msiba ilikuwa nyeupe yote kwa chokaa, kuanzia kilemba hadi pindo. Wanawake nao wakaona. Mama Zuhura akasema polepole, "Haya, mwenzetu ameshavuliwa nyeusi, na wala si na wakwe." Tukaendelea na kazi.

Rangi ya pili ilishika. Ndiyo hii ambayo Benedikta anaiita ya kizamani.

Halafu samani. Kila mwenye uwezo mjini siku hizo alikuwa anatengeneza makochi ya sponji, na vitambaa vya kufuma juu ya kila kiegemeo. Wenzako wakakushauri hivyo hivyo. Ukasema, "Kochi linabebwa na watu wawili, tena wakipiga hadithi." Ukamwita Fundi Xaveri, ukampeleka mlangoni, ukamwambia apime mlango kwanza. Akapima. Kisha ukamwambia, "Nitengenezee meza ya mninga inayoushinda huo mlango kwa kila upande. Uitengenezee humu humu ndani."

Fundi akakutazama. "Mama Skola, ikishakamilika haitatoka."

"Ndiyo ninavyoitaka."

Akaingiza mbao mojamoja. Tukalala na harufu ya mninga, maranda yakawa kitanda cha paka. Miguu yake aliifunga kwa vigingi vya mbao, bila msumari hata mmoja, akagongelea vigingi vikazama ndani kabisa. Akaongeza mabenchi ya kuizunguka. Siku anamaliza aliipigapiga kwa kiganja akasema hajawahi kutengeneza kitu kikorofi namna hii.

Arobaini ikafika. Misa ikasomwa, watu wakala, na mchana baba mkubwa akaingia sebuleni na wazee wa ukoo kutoka Maposeni. Pikapu ilikuwa nje, na tupu. Tukawaamkia. Yeye hakuitikia vizuri. Alikuwa ameganda pale kizingitini. Njano ilikuwa inamwakia usoni. Na kuzunguka meza walikuwa wamekaa wale wanawake wote waliokwangua, vikombe vya togwa mbele yao.

"Nani amekuruhusu kupaka rangi nyumba ya marehemu?" aliuliza.

"Karibu kwanza ukae, shemeji," ulisema. "Mgeni haulizi akiwa amesimama."

Mama, nilisikia lile neno likitua. Mgeni. Sauti yako haikupanda hata kidogo. Baba mkubwa akaitazama meza, akautazama mlango, akarudia kuitazama meza.

"Hii ilipitaje?"

"Haikupita. Ilitengenezwa humu."

"Na itatokaje?"

"Haitoki, shemeji."

Mama Zuhura, ambaye hakuna aliyemuuliza, akanyanyua vidole vyake vilivyochubuka. "Baba, kucha zangu zimebaki kwenye ukuta huu. Ukiichukua nyumba, naomba unirudishie na kucha." Mzee mmoja akacheka, akajaribu kugeuza iwe kikohozi, ikashindikana. Baba mkubwa akakaa kwenye benchi. Ukammiminia togwa kwa mikono miwili, ukapiga goti kwa heshima zote za shemeji, na hukukosea hata kitu kimoja cha adabu. Akanywa. Akapapasa mbao kwa chini, akitafuta msumari. Habari ya nyumba ikasemwa kwamba itazungumzwa siku nyingine, na pikapu ikarudi tupu kama ilivyokuja. Hiyo siku nyingine haikufika.

Kwenye meza hii nilifanya hesabu zangu za sekondari. Hapa ulipanga mitumba, hapa ulipokea posa zetu zote, na hapa ulimfundisha Benedikta kuhesabu kwa kunde. Mimi najivuna, Mama. Watu wakisema mtu asijivune mimi nawaambia hamkumjua mama yangu.

Sasa lile usilolijua.

Siku ulipoletwa nyumbani kutoka hospitali, jeneza likiwa bado njiani, vijana waliingia kusafisha sebule ili wanawake watandike mikeka. Wakatoa mabenchi. Wakaishika meza, wakainyanyua, wakaifikisha mlangoni. Wakaigeuza ubavu. Wakaigeuza tena. Mmoja akasema leteni msumeno. Mimi nilikuwa nimekaa chini kwa wanawake, sina nguvu hata ya kunyanyua kichwa, na nilijua kwamba wakiikata sitakuwa na sauti ya kuwazuia.

Baba mkubwa alikuwa pale. Mzee kabisa, Mama, macho yamefifia, amefika na fimbo na mjukuu wa kumshika mkono. Akawasikia wanavyohema. Akaigonga sakafu kwa fimbo yake.

"Irudisheni," akasema. "Mimi nilikuja kuichukua nikiwa na nguvu zangu zote, na mwenyewe akiwa hai ameniangalia machoni. Ikanishinda. Mtaiweza ninyi?"

Wakairudisha. Jeneza lako likawekwa juu yake, na wewe ukatoka mlango ule ule, peke yako.

Benedikta amefuta machozi, ameifunga kadi yake ya kijivu. Sasa hivi yuko pale ukutani anabandua kipande kidogo cha njano nyuma ya pazia, kesho akipeleke dukani wamkorogee kama hicho. Fundi nimemwambia apake akiizunguka.

Pumzika, Mama. Nyumba tunakaa sisi.

Binti yako wa kwanza, ambaye wewe uliitwa kwa jina lake,
Skolastika