Bahasha Uliyoitoa Malimbuko

Kwako Baba, uliyelala nyuma ya karakana yako pale Matiliku,

Jumapili ijayo ni ya malimbuko. Mzee wa kanisa aliyeachiwa ufunguo wako wa sanduku la posta ameniletea ujumbe hapa Kitui kwamba ni zamu ya nyumba yetu kupeleka kikapu, na kwa kuwa wewe haupo, nikibebe mimi. Nimekubali. Nilingoja nisikie kitu moyoni, uchungu au hata hasira kidogo, sikusikia. Basi nakuandikia, na wengine wakitaka kusoma wasome, maana wengi wao walikuwepo.

Unakumbuka ulivyoniita. Nilipewa jina la mama yako, kwa hiyo tangu utotoni uliniita Mwaitu, mama yangu, na watu waliokuletea baiskeli kuzibwa pancha walicheka kukusikia ukimwomba mama yako mwenye kamasi akuletee spana. Kusoma ulinifundisha kwa maandishi ya maboksi ya spea. Nilipomaliza digrii ya kwanza Nairobi nikabaki kusomea ya pili, ya Kiingereza na uandishi, jirani alikuuliza kama hicho Kiingereza sikukimaliza shuleni. Ulimjibu bila kuinua kichwa: "Kukisoma alimaliza. Sasa anasomea kukiandika." Nilikuwa mlangoni nikakusikia. Hata maprofesa hawakuwahi kunieleza kozi ile vizuri hivyo.

Maisha ya huko sikukusimulia sana. Tulikuwa sita katika chumba kimoja chenye taipureta mbili, moja ya kupigania na moja ya kuonea huruma. Asubuhi tulisahihisha insha za wanafunzi wa mwaka wa kwanza, mchana tulisomeana hadithi zetu na kukosoana mpaka mtu akatoka nje kupunga hewa, kisha tukanywa chai ya rangi pamoja kana kwamba hakuna aliyetukanwa. Kila mmoja alijua mbele kuna mambo mawili: kwenda kufundisha shule ya upili, au kubahatika kuvuka ng'ambo. Msimamizi wangu alipeleka hadithi zangu kwenye chuo kimoja cha huko kilichochukua waandishi chipukizi. Miaka miwili, unafundisha insha saa chache, muda unaobaki unaandika kitabu chako. Niliitaka nafasi ile kuliko kitu chochote nilichowahi kutaka. Chuo chetu kilikuwa kimefungwa na hatukujua kitafunguliwa lini, kwa hiyo nikawapa anwani ya kanisa letu, maana ufunguo wa sanduku lake la posta ulikuwa mfukoni mwako. Sikuona mahali salama kuliko hapo.

Nikaenda kungojea kwa shangazi, mjini Mtito Andei, kwenye hoteli yake ya madereva wa malori. Nilibeba sahani huku nikinakili maneno yao nyuma ya karatasi za oda. Shangazi alilalamika kwamba karatasi zinaisha na wateja ni walewale. Kitabu changu kingetoka kwenye karatasi hizo. Ndipo ukaniletea ujumbe kupitia kwa dereva: nije nyumbani Jumapili ya malimbuko, nisikose. Hukusema kwa nini. Nilidhani umenitafutia mchumba, nikajiandaa njia nzima namna ya kumkataa.

Kwetu hakuna aliyeonja mbaazi mbichi za shamba lake kabla kikapu cha kwanza hakijaombewa, na mchungaji mwenyewe, aliyehudumia makanisa matano, alifika kwetu mara chache. Watoto walizikodolea macho mbaazi shambani, wakameza mate, wakangoja. Siku hiyo ulivaa koti lako la harusi. Kikapu chako kilikuwa na mbaazi, mahindi mabichi na maboga mawili, na juu ya maboga bahasha yenye stempu za ng'ambo, haijafunguliwa, pembeni ina alama ya grisi ya dole gumba lako. Uliwageukia watu ukasema:

"Hii barua ni ya kwanza kutoka ng'ambo kuletewa mtoto wa hii lokesheni. Nimekaa nayo ndani ya Biblia wiki tano. Kitu ya kwanza huwezi onja kabla ya Mungu."

Watu wakaitikia amina. Hakuna aliyeona kosa, na nisijifanye mwerevu, hata mimi sikuliona bado. Nilichoona ni furaha yako, ukiipangusa bahasha kwa mkono wa koti.

Mchungaji aliiombea, akanikabidhi. Ukaniambia niwasomee kwa Kikamba, wote wasikie. Nikafungua. Aya ya kwanza ilisema nimepata. Niliitafsiri, akina mama wakapiga vigelegele hadi nikalazimika kungoja. Aya ya pili ilieleza masomo na mahali pa kulala. Nikaitafsiri. Macho yangu yalikuwa yameshafika aya ya tatu, na aya ya tatu ilitaja siku ya mwisho ya kujibu. Siku hiyo ilikuwa imepita.

Nikaruka, nikasoma salamu za mwisho. Kuhariri maneno ndiyo kazi niliyokuwa nimesomea, Baba, na siku hiyo niliifanya vizuri. Kikundi cha mwethya cha akina mama, cha kusaidiana kazi, kikaahidi kunisukia kiondo kikubwa cha safari, na wewe ukaimba wimbo wa kufunga kwa sauti mbaya uliyokuwa nayo siku zote.

Jumatatu nilikwenda Kiboko, ambako binamu yangu alikuwa karani katika ofisi yenye simu, nikaiomba. Nilimpigia msimamizi wangu, akasema, "Nilidhani umekataa." Nafasi ilikuwa imekwenda kwa wa pili kwenye orodha. Sikulia. Nilirudi nikakuambia wamesema nimalize kwanza digrii ya hapa, wataniita.

Nikamaliza. Nikapangwa kufundisha chuo cha ualimu hapa Kitui, na kazi ni nzuri, sina haki ya kulalamika. Kila mavuno uliniuliza kama wameita. Nikasema bado. Mwaka mmoja hukuuliza, na baada ya hapo hukuuliza tena. Kiondo ninacho. Ndani yake mna karatasi za oda za shangazi, na sijaandika hadithi nyingine tangu siku zile. Huwa nakiondoa nikifagia, halafu nakirudisha.

Muhula uliopita mwanafunzi wangu mmoja alipata barua ya kwenda kusomea uandishi, akaikumbatia, akasema atampelekea mama yake kwanza, wafungue pamoja mwisho wa wiki. Nilimfokea pale pale koridoni aifungue. Akalia. Nilimwomba msamaha, nikampa chai, lakini nilisimama mlangoni mpaka akafungua na kunisomea tarehe.

Siku ile hospitalini, ulikuwa mchana, nilikuwa nakumenyea chungwa. Ukaniuliza, "Mwaitu, ile barua, ulisoma yote?"

"Nilisoma yote, Baba."

Ulinitazama sana, kisha ukaomba maji. Sijui kama kuna mtu aliwahi kukuambia. Nilikupa maji, ukalala, na wiki hiyo tukakuzika. Mazishini watu walisifu kwamba binti yako amejikaza. Sikuwa nimejikaza. Hapakuwa na kitu cha kukaza.

Jumapili, kabla sijakibeba kikapu, nitapita nyuma ya karakana na kukusomea kwa Kikamba aya niliyoiruka. Hapa naiweka kwa Kiswahili, waliopiga vigelegele nao waione:

"Tafadhali tujibu kabla ya mwisho wa mwezi ujao. Tusipopata neno kutoka kwako, tutaelewa kwamba umeikataa nafasi hii, nasi tutampa anayekufuata."

Mwezi huo ulikuwa umeisha siku kumi na moja kabla ya malimbuko. Mimi sikuikataa, Baba, na wewe, ulipoiweka ndani ya Biblia, hukujua. Sasa nimesoma yote.

Ni mimi, binti yako,
Mwaitu