Mkebe Ulioniachia, Shangazi

Shangazi Mwanamisi,

Shikamoo. Najua marahaba yako sitaisikia, lakini siwezi kuanza bila kukuamkia. Ungeuliza nimelelewa wapi.

Ni miezi minne tangu tukuzike. Nimemaliza shule, na Baba anasema nitulie nyumbani mpaka ijulikane kama nitapata nafasi ya kusomea ualimu. Bendera mpya inapepea kwa chifu. Shamba lako la mihogo analilima Mama. Chumbani kwako ninalala mimi, na mkebe wa mikanda ya sinema ulizopiga mwenyewe uko juu ya kabati, palepale ulipouacha. Lakini wiki tatu zilizopita haukuwapo. Hilo ndilo linalonifanya nikuandikie, nikuombe radhi kwanza, halafu nikushukuru.

Unamkumbuka Athumani wa Bi Mejumaa, karani wa ile hoteli ya Diani. Alipiga hodi kwa adabu, akakaa barazani, akasema, "Mishi, tuazime mkanda wa marehemu, ule wa ngoma ya harusi. Meneja angependa kuuona." Nikasitasita. Akacheka. "Sinema si mtoto, dada. Haitalia ikilala ugenini."

Nikampa mkebe wote na mikanda yake miwili. Hapa kwetu mtu akija kuazima sinia au sufuria la pilau humuulizi anakwenda kumpakulia nani. Nami nilimpa kazi yako kama ninavyompa mama yake sinia letu.

Siku mbili baadaye akaja Bi Riziki. Alisikia sokoni kwamba Jumamosi wageni wote wa hoteli wataonyeshwa ngoma ya wanawake wa Msambweni, na tangazo limekwisha kubandikwa. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alikaa mkekani, akanitazama, akasema, "Mishi, mle ndani nimecheza kichwa wazi, na leso imenidondoka kiunoni. Nilikubali kwa sababu shangazi yako aliniapia kwamba wataniona wanawake wenzangu tu. Ahadi ile nayo mmeizika?"

Nililia alipoondoka, Shangazi.

Kisha nikazikumbuka Ijumaa zetu kwenye kinu cha kusaga cha Mzee Hamisi. Baada ya sala ya alasiri kinu kimefungwa, tunaziba madirisha kwa mikeka, naye anatuwashia jenereta. Halafu unamtoa nje, mwenye kinu chake! "Umeme ni wako, Mzee Hamisi. Sinema ni yangu." Anakwenda kukaa juu ya gunia akinung'unika, na wanawake wanacheka mpaka wanajifuta machozi.

Nikamkumbuka pia yule mfanyabiashara wa Lunga Lunga aliyetaka kuununua mkanda ule akauonyeshe dukani kwake. Ulimwambia, "Mkanda unabebeka mkononi. Kuuonyesha mbele za watu ni jambo jingine, na hilo unaliomba kwangu." Wakati ule nilidhani unajivuna. Ulisema yule mama wa Kizungu uliyemlelea watoto, aliyekuachia kamera na mashine ya kuonyeshea alipokwenda kwao, alikufundisha mambo mawili: kutoitikisa kamera, na kwamba aliyezipiga picha ndiye mwenye neno la mwisho juu ya wapi zionyeshwe. Sasa ndiyo nimeelewa. Bila neno hilo la mwisho, ungewezaje kumwahidi Bi Riziki chochote?

Asubuhi yake nilikwenda Diani. Unanijua. Shuleni mwalimu akiniita ubaoni nilikuwa natamani kujificha. Meneja, Mzungu mrefu mwenye Kiswahili cha kuokoteza, alisema, "Lakini wewe mwenyewe umetupa." Athumani alikuwa anatazama sakafu.

Nikasema, "Nimewaazima mkanda. Ruhusa ya kuwaonyesha watu sikuwapa." Sauti yangu ilikuwa ndogo hata akaniomba nirudie. Nikarudia.

Nikafungua mkebe uliokuwa mezani pake na kumwonyesha Athumani ile karatasi uliyoibandika ndani ya kifuniko. Niliisoma siku ya arobaini yako, nikalia kwa kuliona jina langu, nisifikiri zaidi. Athumani akasoma kwa sauti: "Picha hizi nimezipiga mimi, Mwanamisi. Asizionyeshe mtu mbele za watu bila idhini yangu. Nikiwa sipo, aombwe Mishi." Alipofika hapo sauti ikamshuka. "Nami sikukuomba," akasema.

Meneja alilibandua tangazo kwa mkono wake. Alisema hata kwao mwenye kazi huombwa kwanza, ila alidhani huku hakuna wa kuombwa. Akanikabidhi mkebe kwa mikono miwili. Kisha akaniuliza, akaniuliza mimi, kama angeweza kuonyesha ule mkanda mwingine, wa wanawake wanaosuka mikeka.

Nilimwambia nitawauliza wenyewe kwanza. Walikubali kwa masharti mawili: wakae mbele kabisa, na jina lako litajwe. Bi Riziki akasema, "Wazungu na wayaone meno yangu mawili nikisuka. Kiuno hapana."

Basi Jumamosi iliyopita, baada ya magharibi, nilisimama mbele ya watu wote wale pale hotelini. Nikasema, "Picha hizi zimepigwa na Mwanamisi binti Salimu wa Msambweni. Mnazitazama kwa idhini." Sijui maneno yale yalitoka wapi, lakini safari hii hakuna aliyeniomba nirudie.

Mwisho wa mkanda, kumbuka, kivuli chako kinapita juu ya mkeka, kamera usoni. Nilikuwa nimekisahau. Bi Riziki akakinyooshea kidole. "Huyo hapo," akasema.

Ahsante, Shangazi. Ahsante kwa kuliandika jina langu nilipokuwa sithubutu hata kulitaja mwenyewe. Bi Riziki amenisamehe, nawe naomba unisamehe. Mkanda wa ngoma hautatoka tena nyumbani mikononi mwa mtu mwingine. Ijumaa ijayo nitauonyesha kinuni, kwa wanawake, kama ulivyoahidi. Mikeka ya madirisha ninayo. Na Mzee Hamisi nitamtoa nje mimi.

Lala kwa amani, na Mungu akunyooshee njia huko uliko kama ulivyoninyooshea mimi hapa.

Mwanao,
Mishi