Verlyn Wawili, Rekodi Moja

Duluth, 9 Januari

Baba,

Shikamoo. Natumaini u mzima na magoti hayakusumbui na baridi hii. Sisi hatujambo.

Nitasema ukweli, nisingekuandikia kama nisingelazimika. Kampuni ya bima ya gari wananiacha mwisho wa Februari, eti rekodi yangu ya udereva inaonyesha nilihukumiwa kwa kuendesha nikiwa nimelewa. Mimi! Hata bia ya Krismasi naionja kwa adabu tu. Nikatazama tarehe ya kosa: siku ya maziko ya Mama. Unaijua siku hiyo, na unajua nani alikuwa kwenye kiti cha nyuma ulipoliingiza gari mtaroni. Britta wangu alikuwa na miaka mitatu.

Jina letu moja, na nilizaliwa siku yako, tarehe tatu Machi. Aliyetafuta rekodi hakuhangaika kutazama mwaka. Wakala wangu wa bima, Bi. Radtke, anasema itasafishwa ikiwa mwenye kosa ataapa kwa maandishi, mbele ya mthibitishaji viapo, kwamba kosa ni lake. Mimi nauguza wagonjwa majumbani kwao. Bila bima siendeshi, na nisipoendesha sina kazi. Fomu imo ndani ya bahasha.

Verlyn Stenquist

Halvor, Dakota Kaskazini, 17 Januari

Mwanangu Junia,

Marahaba, marahaba! Miaka minne naingoja hiyo shikamoo; hata ikija na fomu naipokea. Magoti ni yale yale, yanatabiri theluji kuliko redio. Britta hajambo? Meno yameshaanza kung'oka?

Fomu nimeisoma. Tatizo, mthibitishaji viapo hapa ni mmoja tu, Ardis wa benki, mpiga kinanda wa kanisani. Huku niliwaambia niliteleza kwenye barafu. Kesi ilisikilizwa kaunti ya jirani, na watu wetu unawajua: ukiwaambia barafu, wanakubali barafu, wanakuongezea kahawa, yanaishia hapo. Sasa niende nikajivue nguo mbele ya Ardis? Nipe siku chache, mwanangu.

Halafu sielewi. Mimi Sinia, mkubwa, wewe Junia, mdogo, tangu cheti cha kuzaliwa. Walituchanganyaje?

Baba yako

Duluth, 1 Februari

Baba,

Shikamoo. U mzima? Sisi tunaendelea.

Wiki mbili kimya. Nimeshaanza kuwaambia wagonjwa wangu huenda Machi wakaletewa muuguzi mwingine. Bibi mmoja wa miaka tisini na moja amesema atanificha stoo.

Uliuliza tulichanganywaje. Junia niliiondoa mwenyewe kwenye leseni, mwezi ule ule wa maziko. Nilimwambia karani mimi si mdogo wa mtu yeyote. Kwa hiyo mlango ambao kosa lako lilipitia niliufungua mimi, na hilo linaniuma. Lakini siwezi kuapa badala yako. Niambie tu: utasaini, au hutasaini?

Verlyn

Halvor, 10 Februari

Mwanangu,

Salamu nyingi. Mimi mzima, tena leo mzima kweli.

Nimesaini. Nilikwenda Ijumaa, na kama bahati yangu ilivyo, benki imejaa. Ardis akasoma fomu, akanitazama juu ya miwani, akasema polepole, "Lakini ilikuwa barafu, Verlyn. Si ndiyo?" Alikuwa ananifungulia mlango nitoke, maskini. Nikamwambia, kwa sauti maana nilijua nikinong'ona nitakimbia, "Haikuwa barafu, Ardis. Ilikuwa wiski, na mjukuu wangu alikuwa nyuma."

Ardis akapiga mhuri. Kisha akasema, "Jumapili kwenye kahawa ya kanisani uje na mikate ya viazi. Usije mikono mitupu." Nikatoka, nikakaa kwenye pikapu yangu, nikalia kama mtoto.

Kuhusu Junia, sikulaumu. Ningekuwa wewe ningefuta jina zima. Sijaonja tone tangu siku ile. Leseni walinirudishia, ila naendesha peke yangu tu. Kiti cha abiria nimekiwekea sanduku la vifaa, asije mtu akaomba lifti. Fomu imeshatumwa. Mbusu Britta, kama inaruhusiwa.

Baba yako

Duluth, 24 Februari

Baba yangu,

Shikamoo, tena shikamoo. Magoti yanasemaje?

Bi. Radtke amenipigia simu asubuhi: rekodi yangu nyeupe, bima inaendelea. Nilikuwa nimeegesha nje ya nyumba ya yule bibi. Nikaingia nikamwambia, akanipigia makofi kitandani. Ahsante, Baba. Najua Halvor ilivyo, na najua ulichokitoa pale benki.

Mchana nikaenda ofisi ya leseni. Karani akauliza kama nimehama au nimeoa. Nikamwambia hapana, nimekuja kurudisha neno langu. Kanishangaa, lakini kaliandika.

Britta ameng'oka meno mawili, anataka kukuonyesha mapengo. Tarehe tatu Machi tunakuja, keki iwe moja, mishumaa tutaigombania huko huko. Anasema wewe ndiye utakayempeleka dukani kununua aiskrimu, baridi au si baridi. Hilo nimelifikiria siku tatu. Sitakudanganya kwamba siogopi. Lakini kiti chake cha gari tutakuja nacho, kwa hiyo toa lile sanduku la vifaa.

Mwanao,
Verlyn Stenquist Junia