Kofia ya Vipimo na Kilemba cha Mama

Rahaleo,
Mtwara.
6 Julai, 2025

Mpendwa Kaka Godfrey,

Shikamoo. Natumaini mko wazima hapo Kigoma, wewe, Wifi Lucy na Kelvin. Kifua cha mtoto kimepona? Mimi mwili ni mzima. Ningepiga simu, lakini ningelia kabla ya kusema.

Unajua nilirudi huku na watafiti wa chuo chetu. Tunamvisha mwalimu na wanafunzi wake kofia zenye nyaya, tuone kama mawimbi ya bongo zao yanakwenda pamoja wakati wa somo. Nilichagua darasa la saba la Mama. Nilijivuna kwamba hakuna mwalimu anayesikilizwa kama yeye.

Jumanne kofia yake ilikataa kukaa juu ya kilemba, nikamwomba akivue. Alinitazama kwanza, kisha akakivua mbele ya darasa zima. Kichwa hakina hata unywele, Kaka.

Mwanafunzi mmoja, Sudi, akasema, "Leo mwalimu kakaguliwa, kanyolewa kama sisi." Wenzake wakacheka.

"Mkaguzi wangu mkali kuliko mimi," Mama akajibu. "Haya, asilimia. Sudi, njoo ubaoni."

Hakuna aliyecheka tena. Siku hiyo mawimbi ya watoto yalifuatana na ya Mama kuliko siku zote, na kiongozi wetu alifurahi sana. Mimi nilisahihisha jaribio la mwisho wa kipindi. Karibu wote walikosa. Walikuwa wanamuwaza yeye, si hesabu.

Jioni aliniambia. Ni saratani ya titi. Zile semina za Dar alizokuwa akituaga kwamba anakwenda zilikuwa matibabu. Sasa amekatisha dawa, anasema atarudi hospitali Septemba, wanafunzi wake wakishamaliza mtihani. Daktari amemkataza kusubiri. Nimembembeleza, nimenuna, nimepiga magoti. Anasema watoto hawa hawawezi kuanza kumzoea mwalimu mgeni sasa, na mimi niliyesomea mambo hayo sikuweza kumbishia.

Tangu Baba afariki, anakusikiliza wewe tu. Njoo umpeleke.

Mjomba Yohana anakusalimu, na jirani yetu Mama Sabra. Nibusie Kelvin. Mungu akufungulie njia na akufikishe salama. Usimuulize Mama anaendeleaje, atakwambia hajambo. Mwambie tu siku unayofika.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye,
Rebeka